Mtoto wa dada anatoka Marekani, anataka kung'oa meno ya watu Dodoma. Nimruhusu?

Barua

Shikamoo Daktari,

Mimi ni mama wa watoto watatu, naishi Ipagala hapa Dodoma. Dada yangu mkubwa yuko Marekani, Minnesota, miaka mingi sasa. Mwanawe wa pili alizaliwa hukohuko, yuko chuo mwaka wa pili, anasoma baiolojia na anataka kuwa daktari wa meno. Nimeelezwa kwamba kwao mtu haendi kusomea meno moja kwa moja kutoka sekondari. Anamaliza kwanza digrii, ndipo anaomba, na anapoomba anatakiwa aonyeshe kwamba amekaa na daktari wa meno kazini, akimtazama, kwa masaa mengi. Kijana wetu amepata masaa machache tu kwa daktari anayemtibu yeye mwenyewe. Wengine aliowaandikia ama hawajibu, ama wanasema hawapokei wanafunzi.

Mwezi wa sita anakuja likizo, na dada amenipigia simu nimtafutie daktari huku. Nina rafiki tunayesali naye, ni tabibu wa meno kwenye zahanati binafsi, amekubali bila maneno mengi. Tatizo ni kijana mwenyewe. Anasema mwenzake chuoni alikwenda nchi nyingine ya Afrika kupitia kampuni, akalipa zaidi ya dola elfu mbili, akarudi na picha ameshika koleo na kuhesabu meno aliyong'oa. Naye anataka hivyohivyo. Dada anamuunga mkono: "Si mna mtu wenu pale? Ampe ang'oe mawili matatu. Kung'oa jino si dakika mbili tu?" Nilipomgusia tabibu, alicheka akasema tutaona.

Daktari, mimi nauza madaftari na sare za shule, meno siyajui. Lakini moyo unakataa. Wanaotibiwa pale ni majirani zangu, na wengine ni wazee wanaotoka Chamwino na Mvumi. Nikimkatalia dada nitaonekana nina roho mbaya, maana yeye ndiye amenisaidia ada za watoto miaka yote.

Naomba unisaidie. Masaa ya huku yatahesabiwa huko kwao? Ni kweli kwamba aking'oa ndiyo atakubaliwa kirahisi? Apitie kampuni au nimpeleke mwenyewe? Halafu binti yangu yuko kidato cha tano, PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia), naye ameanza kusema anataka meno. Yeye pia anayahitaji haya masaa?

*Mama Mdogo, Ipagala*

Jibu

Marahaba, Mama Mdogo.

Moyo wako umekataa panapostahili kukataliwa. Kijana aje, atazame, aulize, aandike. Mkono wake usiingie mdomoni mwa mgonjwa. Hapo usikubali kujadiliana na mtu yeyote, awe dada, awe tabibu, awe kijana mwenyewe.

Nianze na hizo dakika mbili, kwa sababu zinawadanganya wengi. Ni kweli jino lililolegea kwa mkono wa mzoefu linaweza kutoka upesi. Lakini kabla daktari hajashika koleo ameshauliza mambo mengi: mgonjwa ana presha? Ana kisukari? Anatumia dawa ya kuzuia damu kuganda? Aliwahi kuvuja damu sana alipoumia? Ni mjamzito? Magego ya chini mizizi yake iko karibu na mshipa wa fahamu unaopeleka hisia kwenye mdomo na kidevu. Magego ya juu mizizi yake inapakana na uwazi ulio ndani ya mfupa wa taya la juu. Nguvu ikienda upande usio wake, mzizi unavunjikia ndani, na mgonjwa aliyekuja na jino moja linalouma anaondoka na kidonda cha wiki kadhaa. Asiyesomea hajui hata kwamba ameharibu. Anafurahi jino limetoka, wakati ncha ya mzizi imebaki kwenye taya la mama wa watu, na mama huyo atalipa nauli ya kurudi kutoka Mvumi uso ukiwa umevimba.

Hapa kwetu pia ni kosa kisheria. Tuna sheria ya mwaka 2017 inayosimamia madaktari, madaktari wa meno na wataalamu wa afya shirikishi. Asiyesajiliwa hatibu watu. Kwa hiyo huyo tabibu aliyesema tutaona, mrudie, tena mapema, umwambie kwa upole kwamba leseni yake ndiyo inayowekwa rehani. Kijana atapanda ndege arudi zake Minnesota. Tabibu atabaki hapa na kazi yake, na jina lake mtaani.

Sasa mwambie dada jambo ambalo huenda hajalisikia: picha ya koleo inaweza kumharibia mwanawe. Maombi ya shule nyingi za meno Marekani hupita kwenye mfumo mmoja unaoitwa AADSAS, unaoendeshwa na ADEA, jumuiya ya elimu ya meno ya huko. ADEA hao hao wameandika mwongozo kwa wanafunzi wanaokwenda nchi za nje kabla ya kuanza shule, na shabaha yake ni kwamba mwanafunzi asifanye ugenini kazi ya matibabu ambayo kwao asingeruhusiwa kuifanya. Wanaosoma maombi ni madaktari wa meno. Wakimwona kijana asiye na mafunzo anajivunia kung'oa meno ya wanakijiji, wanajiuliza atawafanyia nini wagonjwa wao siku ambayo hakuna anayemtazama. Muulize dada kwa utaratibu: kliniki ya Minnesota ingekubali mwanawe awang'oe meno wagonjwa wake kiangazi hiki? Kama jibu ni hapana, basi na wazee wa Chamwino jibu ni lilelile.

Kuhusu masaa. Yatapokelewa, lakini yasiwe ndiyo yote. Kila shule ina lake, ila nyingi huzungumzia masaa 100 au karibu na hapo, na baadhi zinataka sehemu kubwa yake iwe kwa madaktari wa Marekani kwenyewe, kwa sababu wanataka kuona kama mwombaji anaijua kazi atakayokwenda kuifanya: bima zao, mikopo yao, wagonjwa wao. Kwa bahati nzuri kijana yuko mwaka wa pili. Mfumo wa maombi hufunguliwa kila Mei na maombi huanza kupokelewa Juni, kwa hiyo akija mwaka huu ana karibu mwaka mzima wa kutafuta masaa mengine akisharudi. Asikate tamaa na wale wasiojibu. Barua pepe hupuuzwa kirahisi. Avae vizuri aende mwenyewe kwenye kliniki ndogo za mtaa wao, aombe siku moja tu. Ile siku ya kwanza ndiyo ngumu kuipata.

Kuna kitu kimoja kwenye barua yako nimekisoma mara mbili. Umesema rafiki yako ni tabibu wa meno. Matabibu wetu wa meno ndio wanaobeba kazi kubwa ya meno wilayani, na wengi mikono yao ni mizuri sana, nimefanya nao kazi miaka mingi na ninawaheshimu. Lakini wamesoma stashahada, na shule za Marekani zinapouliza "ulimfuata nani" zinataka daktari wa meno mwenye digrii. Akitumia likizo nzima kwa tabibu peke yake, anaweza kujikuta masaa yake yana walakini kwenye karatasi. Kwa hiyo atafute daktari aliyesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na siku chache akae kwa tabibu ili aone kazi ya zahanati. Dodoma hamna uhaba wa pa kuomba. Kuna Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ile tunayoiita General, na kuna Hospitali ya Benjamin Mkapa kule upande wa UDOM, yaani Chuo Kikuu cha Dodoma.

Utaratibu ni barua. Kijana aandike kwa Mganga Mfawidhi wa hospitali, akiambatanisha barua ya chuo chake, nakala ya pasipoti, na sentensi iliyo wazi kabisa kwamba anaomba kutazama tu na hatagusa mgonjwa. Sentensi hiyo itamfungulia milango kuliko unavyodhani, maana wafawidhi wengi wanaogopa wageni ambao hawajui watafanya nini wakishaingia. Kwa kuwa ana pasipoti ya Marekani, muulizie pia Uhamiaji kabla hajaja. Viza ya matembezi ina mipaka yake, na mtu anayekaa kwenye taasisi kama mwanafunzi au wa kujitolea anaweza kutakiwa kibali kingine. Makao makuu yao mnayo hapohapo mjini, usisubiri hadi mtu aje kumuuliza kijana karatasi akiwa wodini.

Kampuni? Sioni sababu ya kuwalipa. Wanachouza ni mahali pa kulala, mtu wa kupokea uwanja wa ndege na mtu wa kumjulisha kwa daktari. Yote hayo anayo kwako bure. Na kampuni inayotangaza kwamba mteja wake "atatibu" ikwepeni kabisa, hata ikishusha bei.

Sasa nikueleze atakachokiona, kwa sababu hapa ndipo safari yake ina thamani ambayo Minnesota haiwezi kumpa.

Ataona meno ya kahawia. Maji ya visima vingi vya ukanda wetu wa kati, na Singida hasa, yana madini ya floridi kupita kiasi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anapokunywa maji yaliyozidi sana wakati meno yake ya ukubwani yangali yanatengenezwa ndani ya taya, gamba gumu la nje halikomai vizuri. Jino linatoka na mabaka meupe au kahawia, na kwa wengine linamomonyoka. Magadi tunayoweka kwenye maharage na mlenda nayo huongeza floridi. Huyu kijana anatoka nchi ambako miji mingi hutia floridi hiyohiyo kwenye maji makusudi ili kuzuia meno kutoboka. Walianza Grand Rapids, Michigan, mwaka 1945, na kiwango wanachopendekeza sasa ni miligramu 0.7 kwa lita. Kwao inaongezwa, kwetu tunatafuta namna ya kuipunguza. Akikaa na binti wa Singida anayeziba mdomo kwa kiganja kila anapocheka, ataielewa kemia ya maji kwa namna ambayo darasa halikumpa.

Huenda pia akakutana na mtoto aliyeng'olewa "meno ya plastiki". Mama yako na mama yangu walilisikia jambo hili: mtoto mchanga anaharisha, ana homa, fizi zimevimba, mtu anasema ni meno ya plastiki, na wanamchimba fizi kutoa kile kijino laini ambacho hakijakomaa. Hakuna ugonjwa huo. Ni jino la kawaida la mtoto, na kinachomuumiza ni kuharisha kwenyewe. Mtoto anavuja damu, anapata maambukizi, na jino la ukubwani lililo chini yake linaharibika au halioti kabisa. Kijana atazame jinsi daktari anavyoongea na mama wa mtoto huyo bila kumfokea, kwa sababu mama akifokewa harudi tena, na anayefuata hatakuja kabisa.

Ataona watu wengi waking'olewa meno ambayo yangeweza kuokolewa, na hapa ndipo namtaka afungue daftari. Mama anakaa kwenye kiti, shavu limevimba, amekaa na karafuu kwenye tundu siku nyingi. Daktari anamuuliza limeanza kuuma lini, anagonga jino taratibu kwa mpini wa kioo, anabonyeza fizi kwa kidole, anaangalia picha ya eksirei kama ipo. Kisha wanazungumza. Kutibu mzizi kunawezekana, lakini ni kurudi mara mbili au tatu, ni pesa zaidi, na nauli ya kutoka kijijini ni juu ya hapo. Mama anafikiri, anasema ling'oeni tu. Sindano ya ganzi inachomwa, wanasubiri, daktari anajaribu fizi kwa ncha ya chombo na kuuliza "unasikia maumivu au unasikia kuguswa tu?" Jino linatoka, mama anang'ata pamba, anaambiwa asisukutue leo na asiteme mate kwa nguvu, damu igande. Kijana akiandika "nimeona jino likitolewa" hajaona kitu. Aandike mama alichagua nini, kwa nini, na daktari alimpa nafasi gani ya kuchagua. Siku ya usaili atakapoulizwa amejifunza nini Tanzania, hapo ndipo atakuwa na la kusema.

Na amwombe daktari amsimulie namna ya kuziba meno kwa vifaa vya mkono bila mashine ya kuchimbia, inayojulikana duniani kwa herufi ART. Ilianzia hapahapa Tanzania katikati ya miaka ya 1980, daktari wa meno Mholanzi Jo Frencken alipokuwa kwenye shule ya meno ya Dar es Salaam, kwa sababu vijijini hapakuwa na umeme wa kuendeshea mashine. Leo inatumika nchi nyingi. Nataka huyu mtoto wetu ajue kwamba amekuja mahali palipoufundisha ulimwengu kitu, asije akadhani amekuja kwenye uwanja wa mazoezi.

Mambo madogo ya kila siku, haraka haraka. Avae barakoa na miwani ya kinga hata kama anatazama tu, mate na damu vinaruka. Awe amekamilisha chanjo ya homa ya ini aina ya B. Asipige picha ya mgonjwa, hata mgonjwa akikubali, maana yule aliye kwenye kiti akiwa na maumivu atakubali chochote. Kila mgonjwa aambiwe "huyu ni mwanafunzi, anatazama tu, unaridhia?" na akisema hapana, kijana atoke bila kununa. Awaamkie wazee, shikamoo yake hata ikiwa na lafudhi itapokelewa, na kwa Wagogo wetu akitia "mbukwenyi", salamu yao, ataona nyuso zinavyobadilika. Kila jioni aandike tarehe, masaa, jina la daktari na alichokiona. Mwisho aombe barua yenye nembo ya hospitali, masaa yaliyojumlishwa, na anwani ya barua pepe ya daktari, kwa kuwa shule zinaweza kuuliza.

Binti yako hayahitaji masaa haya kwa kuingia chuo hapa nchini. Kwetu udahili wa udaktari wa meno unakwenda kwa matokeo ya Fizikia, Kemia na Biolojia kwa vigezo vya TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Muhimbili, yaani chuo kikuu cha afya MUHAS, Dar es Salaam, ni miaka mitano, kisha mwaka wa mafunzo kazini. Aweke nguvu kwenye Fizikia, ndiyo inayowaangusha wengi wa PCB. Lakini Juni atakuwa likizo, kwa hiyo muombee naye siku chache kwenye barua hiyohiyo ya kijana. Atamsaidia binamu yake Kiswahili, na mwenyewe atajua mapema kama anaweza kusimama asubuhi nzima akitazama damu na usaha. Wapo waliogundua hilo mwaka wa tatu wa chuo, na ni machungu.

Umeogopa kuonekana una roho mbaya kwa mtu aliyekusaidia ada. Ninaielewa hofu hiyo, na siyo ndogo. Ila dada hakukuomba umdhuru mtu, amekuomba umsaidie mtoto, na msaada unao. Mpigie, uanze na unachomtafutia: "Dada, ninamwombea nafasi hospitali kubwa, kwa daktari mwenye digrii, na mwisho ataomba barua rasmi. Ila daktari ameniambia akionekana ameshika koleo shule zinaweza kumkataa, kwa hiyo atatazama tu." Yote ni kweli. Akiendelea kusukuma, mwambie daktari wa safu hii amekataa, lawama nitabeba mimi.

Barua kwa Mganga Mfawidhi iende wiki hii. Majibu huchukua muda, na tiketi isikatwe kabla hayajarudi.